Maonesho ya Kazi za Mikono na Siku ya Familia: Namna ya Kuandaa Tukio Linalomlipa Muuzaji Mdogo

Uwanja ukijaa watu, waandaaji hufurahi na kusema tukio limefana. Lakini muulizeni mama aliyeketi nyuma ya meza ya vikapu tangu asubuhi: ameuza vingapi? Akitoa ada ya meza, nauli ya mzigo na gharama ya malighafi, amebaki na nini mkononi? Hicho ndicho kipimo ninachokitumia katika mwongozo huu wote. Umati unaopita, ukapiga picha na kuondoka, haujamsaidia mtu.

Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, biashara ndogo sana, ndogo na za kati ni takriban asilimia 90 ya biashara zote duniani, nazo ndizo zinazobeba asilimia 60 hadi 70 ya ajira. Fundi anayefanyia kazi sebuleni kwake, bila duka wala kibao barabarani, ni mara chache sana apate nafasi ya kuonana uso kwa uso na mamia ya wateja kwa siku moja. Maonesho yakiandaliwa vizuri humpa nafasi hiyo. Yakiandaliwa vibaya hula akiba yake.

Hatua ya 1: Kamati ndogo, kusudi moja

Anzeni miezi minne hadi sita kabla ya tukio. Kamati ya watu watano hadi saba inatosha; mkiwa kumi na watano, nguvu zitaishia kwenye vikao. Gaweni kazi kwa majina: mmoja ashughulike na wauzaji, mmoja na uwanja na usalama, mmoja na watoto, mmoja na matangazo, na mhazini asipewe kazi nyingine yoyote. Kila malipo yawe na stakabadhi, na daftari la fedha lionwe na watu wasiopungua wawili. Aliyelipia meza huenda ametoa faida yake ya mwezi mzima, na fedha hiyo inastahili heshima.

Katika kamati hiyo wawemo wauzaji wawili wanaoishi kwa kazi za mikono. Wao ndio watakaowaambia mapema kwamba saa moja haitoshi kushusha mzigo, au kwamba upande ule jua la mchana litayeyusha mishumaa.

Kisha andikeni sentensi moja inayosema tukio ni la nani. Kwa mfano: "Siku ya familia ambapo mafundi wadogo wanauza kazi zao wenyewe." Sentensi hiyo itawaamulia mengi huko mbele. Atakapokuja mtu na shehena ya vitu vya kiwandani alivyonunua kwa jumla, jibu mnalo. Atakapokuja mdhamini anayetaka kuuza pombe katikati ya uwanja wa watoto, jibu mnalo pia.

Hatua ya 2: Siku na mahali

Chagueni siku ambayo watu wana fedha na nafasi: mwisho wa juma unaofuata siku za mishahara, nje ya msimu wa mvua nyingi, mbali na mitihani ya shule na sherehe kubwa nyingine. Mkitaka tarehe yenye maana, zipo mbili zinazofaa: tarehe 15 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Familia, na tarehe 27 Juni ni Siku ya Umoja wa Mataifa ya biashara ndogo sana, ndogo na za kati. Zote mbili hurahisisha kuomba udhamini na kutangazwa redioni. Hata hivyo, tarehe nzuri ikiangukia siku ya kazi, sogezeni tukio hadi Jumamosi iliyo karibu.

Saa tano au sita za kuuza zinatosha, tuseme kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Zaidi ya hapo watoto huchoka, na mtoto akichoka mzazi naye huondoka.

Mahali pawe na kivuli, maji, vyoo, ardhi tambarare na njia ya gari kuingia. Zaidi ya yote, pawe mahali ambapo watu tayari hupita. Uwanja mzuri uliojificha hugharimu matangazo mara tatu. Nendeni mkautazame saa ileile ambayo tukio litafanyika, mwone jua linapiga wapi na kelele zinatoka wapi. Mkiwa huko, ulizeni vibali: mwenye eneo, serikali ya mahali hapo, polisi, zimamoto na afya kama kutauzwa vyakula. Ulizeni pia kuhusu bima ya kulipia madhara yanayoweza kumpata mgeni. Vibali viombwe mapema, kwa maandishi, na nakala zikae kwenye faili litakaloletwa uwanjani siku yenyewe.

Hatua ya 3: Hesabu ya meza kabla ya ada

Hapa ndipo maonesho mengi huwaangusha wauzaji. Kamati huona kwamba kila meza inayoongezwa inaongeza mapato, basi inaongeza meza hadi uwanja uishe. Lakini wateja hawakuongezeka. Ni mkate uleule unaokatwa vipande vyembamba zaidi.

Fanyeni hesabu hii. Tuseme mnatarajia wageni 600. Wengi wao watakuja kifamilia, kwa hiyo 600 hao ni kama familia 200, na kila familia ina mfuko mmoja wa kununulia. Tuseme nusu ya familia zitanunua, na kila moja itanunua vitu viwili. Hayo ni mauzo 200 kwa siku nzima. Mkiwa na meza 40, kila meza itapata mauzo matano. Mkiwa na meza 20, kila meza itapata kumi. Namba hizi ni za mfano tu. Wekeni zenu, lakini msiruke hesabu. Muuzaji atakayekaa siku nzima kwa mauzo matano hatarudi mwakani, na atawaambia wenzake.

Wauzaji wazoefu wana kanuni yao: siku njema ni ile iliyoingiza angalau mara kumi ya ada ya meza. Iunganisheni na hesabu ya hapo juu. Kama kila meza inatarajia mauzo kumi, basi ada isizidi bei ya bidhaa moja ya kawaida katika meza hiyo. Ikiwa ada mnayoifikiria ni bei ya vikapu vitatu, mnamwomba msusi auze vikapu thelathini ili siku imfae. Je, wateja hao mnao?

Namna ya kutoza zipo tatu. Ada moja kwa wote ni rahisi na haina ugomvi. Asilimia ya mauzo inamlinda anayeanza, kwa sababu asipouza halipi, lakini inahitaji uaminifu na hesabu ya kila stakabadhi, na wengi hawapendi kuonesha mauzo yao. Mimi napendelea ada ndogo ya wote, pamoja na nusu meza kwa wanaoanza: watu wawili wanagawana meza moja na ada moja. Hema, vyoo, umeme na vipaza sauti ni gharama zisizopungua hata wauzaji wakiwa wachache, na hizo ndizo za kuwapelekea wadhamini. Mwenye kampuni huelewa haraka zaidi akiambiwa "lipia vyoo na mahema" kuliko akiambiwa "tusaidieni".

Kuhusu kiingilio, ushauri wangu ni kukiepuka. Familia ya watu watano ikilipa getini, fedha hiyo imetoka kwenye mfuko uleule wa kununulia. Kama hamna budi, tiketi iwe kuponi: mgeni analipa getini, kisha anatumia tiketi hiyo kama sehemu ya malipo kwenye meza yoyote. Jioni wauzaji wanazileta kuponi kwa mhazini na kulipwa papo hapo. Fedha ya getini inawafikia wauzaji, na kila mgeni ana sababu ya kununua angalau kitu kimoja. Watoto wadogo waingie bure.

Hatua ya 4: Kuchagua wauzaji

Fungueni maombi wiki 12 hadi 14 kabla. Fomu iwe fupi: jina la biashara, simu, picha nne za bidhaa, bei ya chini na ya juu, nani anatengeneza na wapi, kama anahitaji umeme, na kama amewahi kushiriki maonesho. Jibuni kila aliyeomba, hata aliyekosa nafasi, na mweleze sababu. Kumnyima mtu jibu ni kumdharau.

Uwiano ndio moyo wa uchaguzi. Maombi ya mapambo ya mwilini kama hereni, bangili na shanga huwa mengi kuliko ya aina nyingine yoyote. Mkichukua yote, nusu ya uwanja itauza kitu kimoja na wote watapunguziana bei hadi hasara. Wekeni kikomo, kwa mfano meza zisizozidi tatu kati ya 20 kwa aina moja, na hata hizo tatu ziwe tofauti kwa mtindo na bei. Tafuteni wenyewe kile kinachokosekana. Kama hakuna mfinyanzi aliyeomba, mpigieni simu mfinyanzi mnayemjua. Tengeni pia nafasi chache kwa ambao hawajawahi kuuza hadharani, wakae karibu na mzoefu aliye tayari kuwaelekeza.

Kwa kuwa ni siku ya familia, bidhaa za watoto zikaguliwe kwa mkono. Katika viwango vya usalama wa vichezeo, kipande kinachoingia chote ndani ya kipimo cha silinda chenye upana wa milimita 31.7 huhesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Bila kipimo hicho, tumieni bomba la karatasi ya chooni: kitu kinachopita humo kisiuzwe kwa mtoto wa umri huo. Bomba hilo ni pana kidogo kuliko silinda yenyewe, kwa hiyo mnakuwa upande ulio salama. Vuteni macho ya mwanasesere, vifungo na magurudumu. Kinachong'oka kinarudi nyumbani. Betri bapa ndogo kama vifungo ndizo za kuogopwa kuliko vyote, kwani mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo kwa ndani katika muda wa saa chache. Kichezeo chenye betri hiyo kiwe na kifuniko cha skrubu. Sabuni na mafuta ya ngozi yawe na karatasi inayotaja viambato.

Makubaliano na kila muuzaji yaandikwe katika ukurasa mmoja: saa ya kufika, ukubwa wa nafasi, kitakachofanyika mvua ikinyesha, lini ada inarudishwa na lini hairudishwi, na kwamba hakuna kufunga meza kabla ya saa ya mwisho. Hilo la mwisho lisimamieni kwa upole lakini bila kulegea. Meza moja ikianza kukunjwa saa nane, wageni hudhani tukio limekwisha.

Hatua ya 5: Kuchora uwanja

Chukueni karatasi yenye miraba na mpime uwanja kwa futi kamba. Hema la kawaida la kukunjua ni mita 3 kwa 3. Njia kati ya safu mbili za mahema iwe na mita 4. Mita 3 ni kiwango cha chini kabisa, maana mtu anayesimama kutazama bidhaa hula karibu mita nzima, na wapo wanaosukuma vigari vya watoto na viti vya magurudumu. Acheni njia ya gari la wagonjwa na zimamoto kufika kila upande, isiyozibwa hata kwa dakika tano. Upana wake waulizeni zimamoto wenyewe mnapoomba kibali.

Njia iwe ya kuzunguka. Kona isiyo na mlango wa kutokea huua biashara, kwani watu wakiona lazima warudi walikotoka hawaingii. Sasa fikirini kile kinachovuta familia: michezo ya watoto, jukwaa, vyakula. Msiviweke getini. Viwekeni mbali na lango, ili kila familia ipite mbele ya meza za mafundi ikienda na ikirudi. Jukwaa lielekezwe upande usio na meza, na sauti iwe ndogo kiasi kwamba watu wawili waliosimama umbali wa mita moja wanazungumza bila kupaza sauti. Muuzaji anayelazimika kupiga kelele kutaja bei anapoteza mteja kwa kila wimbo.

Eneo la watoto liwe mahali ambapo mzazi anaweza kusimama kwenye meza za jirani na bado akamwona mwanawe. Mzazi asiye na wasiwasi hukaa, na anayekaa hutazama, huuliza, hununua. Ndiyo maana siku ya familia na biashara ndogo vinafaa kuandaliwa pamoja: mtoto akiwa na shughuli nzuri ya dakika arobaini, fundi amepata dakika arobaini za mzazi wake.

Mahema yafungwe. Hema la mita 3 kwa 3 linahitaji uzito wa takriban kilo 18 kwa kila mguu, na upepo wa ghafla mchana usiwakute mkitafuta mawe. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, hivyo ndoo nne zenye vifuniko, zilizofungwa kwa kamba fupi, zinatosha hema moja. Matawi makubwa ya miti yakianza kuyumba, shusheni mahema bila kujadiliana.

Penye ngazi wekeni mteremko wa moja kwa kumi na mbili: kizingiti cha sentimita 10 kinahitaji ubao wa sentimita 120. Kwa vyoo, kimoja kwa kila watu 100 waliopo kwa wakati mmoja ni makadirio mazuri ya kuanzia. Vya wanawake viwe vingi zaidi, kimoja kiwe kipana kwa mtu wa kiti cha magurudumu, na papatikane mahali safi pa kumbadilishia mtoto nepi. Madawati ya wazee nayo yasisahaulike. Bibi akipata pa kukaa, familia nzima inabaki.

Umeme: jumlisheni wati za kila anayeuhitaji. Waya mmoja wa volti 230 na ampea 13 hubeba takriban wati 3,000. Birika moja la umeme hula kama 2,000 kati ya hizo. Taa za LED za wati 10 zinaweza kuwaka nyingi bila shida. Wapikaji na mafundi wasitumie laini moja. Waya zipite juu au zifunikwe, na kila jiko liwe na kizimamoto karibu.

Hatua ya 6: Watoto

Shughuli bora kwa watoto ni ile inayofundishwa na mafundi walewale wanaouza. Mfinyanzi awape udongo, mshonaji awafundishe kushona kifungo, msusi aanzishe mkeka mdogo ambao kila mtoto anaongeza uzi. Mtoto aliyehangaika na udongo kwa nusu saa anaelewa kwa nini chungu kina bei, na mzazi aliyesimama pembeni anaelewa pia. Mafundi hao walipwe kwa muda wao. Kumwomba fundi afundishe bure siku ambayo angekuwa mezani kwake akiuza ni kumpunguzia riziki kwa jina la jamii. Kwa mafunzo ya mikono, mtu mzima mmoja kwa watoto wanane ni kiasi kinachodhibitika.

Kadi ya mihuri ni njia rahisi na yenye faida kubwa. Kila mtoto anapewa kadi getini. Akipita meza nane tofauti na kuuliza swali moja kuhusu kazi ya fundi, anagongewa muhuri, na akijaza kadi anapata zawadi ndogo. Tawanyeni meza za mihuri hasa pembezoni, kule wageni wanakochelewa kufika. Zawadi zitolewe siku nzima, mtoto mmojammoja. Kuita watoto wote mbele ya jukwaa kwa wakati mmoja na kurusha zawadi ni hatari. Umati ukifikia watu wanne au watano katika kila mita ya mraba, mtu huanza kupoteza uwezo wa kuamua anaelekea wapi, na mtoto ndiye mfupi kuliko wote humo.

Mtoto akipotea, kila mjitolea ajue la kufanya kabla ya siku kuanza. Watoto wavishwe getini kikuku cha karatasi chenye namba ya simu ya mzazi, bila jina. Mtoto aliyepatikana apelekwe kwenye kituo kimoja kinachojulikana, akae na watu wazima wawili, kamwe asibaki na mmoja peke yake. Msitangaze jina wala mavazi yake kwenye kipaza sauti, kwani mnampa kila mtu maelezo ya kujifanya mzazi. Tangazeni tu kwamba mzazi anayemtafuta mtoto afike kituoni, na aeleze yeye mwenyewe mtoto wake yukoje. Mzazi akileta taarifa kwamba hamwoni mwanawe, walinzi wa milango waambiwe papo hapo.

Picha za watoto zisitumike kwenye matangazo bila idhini ya mzazi.

Hatua ya 7: Kuwaandaa wauzaji

Wiki mbili au tatu kabla, waiteni wauzaji wote kwa mafunzo ya nusu siku. Mkikosa fedha ya mambo mengine, hili msilifute, kwa sababu faida yake hubaki kwa fundi hata tukio likinyeshewa.

Anzeni na bei. Wengi huhesabu malighafi tu na kusahau kwamba mikono yao nayo ina bei. Chukueni mfano kwa fedha yoyote ile: malighafi ni 30, kazi ni saa nne kwa 15 kila saa, yaani 60, na nauli, ada na mifuko ni 10. Jumla ni 100, na faida ya kukuza biashara bado haijaingia. Anayekiuza kitu hicho kwa 80 amejilipa 40 kwa saa nne. Saa yake imekuwa 10 badala ya 15. Fanyeni hesabu hiyo na bidhaa halisi ya kila mmoja, kalamu mkononi. Wapo watakaonyamaza wakiona matokeo. Wapeni nafasi waulize maswali faragha.

Kisha meza. Bidhaa zisilale bapa. Masanduku chini ya kitambaa yanatosha kuziinua hadi usawa wa macho, na vya watoto viwe chini kidogo. Bei iandikwe kwenye kila kitu, kwani wageni wengi huona haya kuuliza na huondoka. Kuwe na bei za ngazi tatu: kitu kidogo ambacho hata mtoto ananunua kwa fedha yake, bidhaa za kawaida, na kazi moja au mbili kubwa zinazoonesha uwezo wa fundi hata zisipouzwa. Muuzaji asimame badala ya kukaa akitazama simu, na awe anafanya kazi kidogo mezani. Mikono inayosuka huvuta macho kuliko bango.

Kila mmoja aje na chenji, njia ya kupokea malipo kwa simu, kitabu cha stakabadhi na daftari la oda. Daftari hilo ni muhimu sana. Baadhi ya mauzo makubwa ya maonesho hufanyika wiki mbili baadaye, mteja anapokumbuka kile kitambaa na kupiga simu.

Hatua ya 8: Matangazo

Bango liwe na siku, saa na mahali kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Nembo za wadhamini zikae chini. Tumieni shule, nyumba za ibada, redio na makundi ya simu. Lakini mtangazaji hodari kuliko wote ni muuzaji mwenyewe. Mwandalieni kila mmoja picha iliyo tayari yenye jina la biashara yake na namba ya meza, atume kwa wateja wake. Katika wiki tatu za mwisho, mtambulisheni fundi mmoja kila siku: uso wake, mikono yake kazini, kile atakacholeta. Watu huja kumwona mtu.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Jioni iliyotangulia, choreni nafasi kwa chaki au chokaa na mziandike namba. Wauzaji wafike kwa zamu, kila kundi na dakika zake, washushe mzigo, watoe gari, kisha ndipo wapange meza. Magari yote yawe nje saa moja kabla ya wageni kuingia, na hakuna gari linalosogea ndani hadi mgeni wa mwisho aondoke. Watoto hukimbia bila kutazama.

Mjumbe mmoja wa kamati asiwe na kazi nyingine ila kuzunguka. Kila saa apite meza zote, awape wauzaji waliopo peke yao nafasi ya kwenda chooni, aulize biashara inakwendaje. Akikuta upande mmoja umepooza, amwambie mshereheshaji aitangaze meza fulani kwa jina na kwa kazi yake, au ahamishie huko onesho dogo la dakika kumi. Mshereheshaji anayetumia kipaza sauti kusifu wadhamini tu amewanyang'anya wauzaji chombo chao bora.

Wekeni kituo cha huduma ya kwanza kinachoonekana, maji ya kunywa, mapipa ya taka yanayomwagwa kabla hayajajaa, na mtu wa kusindikiza fedha. Uamuzi wa mvua uwe na mwenye nao mmoja na saa ya mwisho ya kuutoa, ili wauzaji wasilale bila kujua.

Hatua ya 10: Baada ya kufunga

Kabla muuzaji hajaondoka, apewe karatasi isiyo na jina: ameuza vitu vingapi, mauzo yake ni mara ngapi ya ada (chini ya mara tatu, tatu hadi tisa, kumi au zaidi), oda ngapi amepata, alikaa upande gani wa uwanja, na angebadilisha nini. Atumbukize kwenye sanduku. Swali la upande ni la kutazamwa kwa makini: kama safu moja nzima imeandika "chini ya mara tatu", kosa ni la ramani yenu wala si la mafundi wale.

Lipeni kuponi jioni hiyohiyo. Ndani ya siku saba watumieni wauzaji wote hesabu ya mapato na matumizi, hata kama kuna upungufu. Kukiwa na ziada, amueni pamoja nao: kununua mahema ya kudumu hushusha ada ya mwaka unaofuata. Baada ya mwezi mmoja wapigieni simu, mwulize oda ngapi zimekuja kutokana na siku ile, kisha mziongeze kwenye hesabu kabla ya kuamua idadi ya meza za mara nyingine. Karatasi nyingi zikisema "kumi au zaidi", ongezeni meza chache. Zikisema vinginevyo, punguzeni, na waliokaa upande uliopata kidogo safari hii wapewe nafasi ya kwanza ya kuchagua pa kukaa.